Yah: Malalamiko kuhusu betri za gari langu la kambi mlilolitunza msimu wa masika

Meneja,
Yadi ya Kutunza Magari ya Safari,
Arusha.

Ndugu,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwishoni mwa Machi niliwakabidhi Land Cruiser yenye hema la juu na betri ya pili, AGM (betri ya risasi iliyofungwa, isiyoongezwa maji) ya ampea-saa 100, inayoendesha friji na taa za kambini. Mbali na ada ya maegesho nililipia huduma ya kuchaji betri zote mbili hadi Juni. Risiti ninayo.

Siku ya kulichukua, fundi wenu alinionyesha mita: volti 12.9. Nikaridhika. Usiku ule gari lililala kwangu bila kuwashwa chochote, na asubuhi betri ya pili ikasoma 11.3. Betri nzima hailali na 12.9 ikaamka na 11.3. Mliipiga chaji ya juu juu siku ile ile ili isome vizuri mbele yangu.

Daftari lenu la vipimo vya betri ndilo limenishangaza zaidi. Kila wiki limeandikwa 12.7, betri zote mbili, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata zile wiki za mvua kubwa ambazo mlinzi wenu mwenyewe anasema umeme ulikatika. Betri iliyo kwenye chaja ya kutunza husoma kama 13.5, isiyochajiwa hushuka. Hiyo 12.7 isiyotikisika mmeitoa wapi? Halafu ndani ya friji nimekuta chupa ya soda iliyobaki nusu! Friji niliiacha tupu, imezimwa, mlango wazi, kama fomu yenu inavyoagiza. Sola ya paani nayo isingefidia kitu, maana mlifunika gari zima kwa turubai.

Betri ya aina hii ikikaa wiki nyingi chini ya volti 12.4, salfeti (chumvi ya risasi) huganda kwenye bamba zake, nayo haishiki tena umeme vizuri. Fundi wangu ameichaji polepole. Inajaa upesi mno, na ikibebeshwa friji inazima.

Naomba betri mpya ya ukubwa ule ule, pamoja na kurudishiwa ada ya kuchaji, ndani ya siku 14. Lile punguzo la maegesho mlilonitajia kwa simu silihitaji, gari halirudi huko. Mkikaa kimya, nakala ya barua hii na picha za daftari zitakwenda Tume ya Ushindani.

Wenu,
Mwenye gari