Mheshimiwa Waziri, mihrabu ya Kizimkazi isije ikapigwa saruji

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale Zanzibar,

Assalaam aleikum.

Mgeni akifika Kizimkazi Dimbani huulizwa kwanza kama amefuata pomboo. Wengi hupanda boti, wakarudi, wakaondoka. Msikiti wa kale wa hapo wameupita njiani, na siwalaumu: kwa nje ni jengo dogo la paa la bati, basi.

Mambo yako ndani. Kwenye kibla ipo mihrabu, kishubaka anaposimama imamu, ya matumbawe, na maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yanayosema Sheikh Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad aliamrisha msikiti ujengwe, mwezi wa Dhulqaada, mwaka 500 Hijria. Kwa Miladi ni 1107. Majengo mengi ya Mji Mkongwe tunayojivunia ni ya karne ya 18 na 19. Hayo ni vitukuu mbele ya mihrabu hii.

Tumbawe huchongwa likiwa bichi, limetoka baharini, maana likikauka halisikii patasi. Herufi zimesimama wima, ncha zimechanua kama majani. Wataalamu wamezifananisha na za Siraf, Ghuba ya Uajemi. Mimi napenda kuamini fundi alikuwa wa hapa hapa, ila hilo ni la moyo wangu tu.

Karne ya 18 msikiti ulijengwa upya, na mafundi wale wakayahifadhi maandishi ya wenzao. Ninachoomba ni adabu hiyo hiyo. Siku ya ukarabati itumike chokaa. Saruji huziba ukuta. Unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea hulila jiwe lenyewe, likageuka unga. Sharti hilo liandikwe kwenye mkataba kabla mkandarasi hajaleta mfuko wa kwanza.

Pia kiwekwe kibao cha Kiswahili chenye tafsiri. Kikufi kile hakina nukta. Hata mtoto aliyehitimu Qur'ani chuoni hubabaika mbele yake. Anasali hapo kila siku na hajui ukuta unamwambia nini.

Lakini tafadhali, pasigeuzwe makumbusho. Watu wanasali pale. Wazee wa Dimbani waitwe kikaoni michoro ikiwa bado haijachorwa, wasingojewe siku ya kukata utepe.

Wasalaam,
Msafiri wa Kusini Unguja