Shukrani kwa dada wa hema la kupima homa ya ini

Dada yangu, jina lako sikuliuliza. Ulinitoboa kidole tarehe 28 Julai mwaka jana, Siku ya Homa ya Ini Duniani, kwenye hema la wafanyakazi wa kujitolea pale stendi. Vistari viwili vilipotokea, nilijua nimekwisha. Ukaweka kalamu chini, ukavuta kiti karibu. "Kaka, hii ni aina B. Kipimo hiki hakitoshi, nenda wakapime wingi wa virusi na hali ya ini. Dawa za kuidhibiti zipo."

Nikakuuliza kwa aibu kama nitenge sahani na kikombe changu. Ukasema hapana, haiambukizwi kwa kula pamoja. Ni damu, kujamiiana, wembe wa kuchangia, au mama kwa mtoto wakati wa kujifungua. Neno hilo lilinirudisha mezani na wanangu, nami sitalisahau.

Nyuma ya kadi uliandika: "Mkeo apime. Akiwa hana, achanjwe: leo, baada ya mwezi, na miezi sita tangu leo." Alikutwa salama. Sindano zote tatu amemaliza.

Asante sana, dada. Mungu akuzidishie.