Huyo dume usimlipie kwanza

Ndugu yangu wa Bweyale,

Picha nimeziona zote, na nimefurahi kweli umeingia kwenye kondoo siriasi, lakini naomba shika pesa yako kwanza. Muuzaji anakwambia huyo dume ni Dorper halisi, ile aina ya kondoo wa nyama, sababu kichwa cheusi mwili mweupe, sasa hicho kichwa ndio kitu cha mwisho cha kuamini. Dorper walitengenezwa Afrika Kusini miaka ya 1930, wakachanganya aina mbili za kondoo, Dorset Horn na Persian mwenye kichwa cheusi, na huyo Persian asili yake ni kondoo wa matako ya mafuta wa Wasomali, yaani weusi wa kichwa umetoka huku huku kwetu Afrika Mashariki. Hata chotara wa kwanza kabisa anaweza kuzaliwa nao.

Wewe nenda nyuma. Kwenye picha ya pili mkia umekatwa, sawa, Dorper wengi wanakatwa wakiwa wadogo, lakini shina lililobaki naliona pana, limevimba. Lishike kwa mkono. Ukikuta bonge laini la mafuta linalotandaa mpaka matakoni hiyo ni damu ya mkia mnene, maana Dorper mafuta yake yametawanyika mwilini, hayakai donge sehemu moja. Halafu inua hicho kipande uangalie ngozi ya chini, inatakiwa iwe nyeusi, na kwato pia nyeusi, nyeupe ni alama mbaya. Akiwa na singa ndefu shingoni au kifuani achana naye kabisa. Manyoya yakitoka vipande vipande usiogope, Dorper ana mchanganyiko wa nywele na sufu fupi na anajivua mwenyewe.

Ila macho nayo yana mwisho. Chotara aliyepandishwa na Dorper halisi vizazi vitatu ana asilimia 87.5 na atakupita bila kumjua, kwa hiyo omba kumwona mama yake, na watoto aliozaa na majike halisi kama wapo, mkia mnene ukijitokeza kwa watoto jibu umepata.

Majike chotara nunua tu, ni wagumu na bei yao nafuu. Lakini dume ni nusu ya kila mtoto atakayezaliwa hapo kwako, bei ya dume halisi ilipwe kwa dume halisi. Jumamosi nakuja tumkague wote, mwambie asimuuze kabla.

Wako wa Masindi