Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) iwasaidie wasanidi wa programu za simu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie mkutano wa wasanidi programu ulioandaliwa na Apple mwezi Juni 2025. Jambo kubwa lililotangazwa ni kwamba msanidi anaweza kuweka katika programu yake modeli ya akili unde inayofanya kazi ndani ya simu yenyewe, bila intaneti na bila kulipia kila swali. Kwa anayetengeneza programu ya muuguzi wa zahanati ya kijijini, ambako mtandao hukatika mara kwa mara, hiyo ni nafuu ya kweli.

Hata hivyo, modeli hiyo inataka iPhone za bei ya juu, tena Kiswahili hakikuwamo katika lugha zilizotangazwa, jambo linalonisikitisha sana. Ndiyo maana naamini kijana wa hapa aanze na Android, ambako ada ya kujisajili katika duka la programu la Google Play ni dola 25 mara moja tu, ilhali Apple hutoza dola 99 kila mwaka.

Naiomba COSTECH, ambayo ipo Kijitonyama kama ilivyo kampasi ya TEHAMA ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iwalipie ada hizo wahitimu wenye kazi inayoonekana, na iweke simu za majaribio za kuazima. Kampuni za simu nazo zirahisishe majaribio ya malipo ya simu ndani ya programu kwa msanidi ambaye bado hajasajili kampuni, kwani wengi hukwama hapo hapo, programu ikiwa tayari.

Msanidi programu,
Sinza, Dar es Salaam