Hakukuacha, somo yangu

Tanga, Ijumaa baada ya Alasiri

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Natumai nawe u mzima, na kichanga chetu kitovu kimeshakauka.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeniandikia habari za maziwa, za joto la chumba kile, za wifi zako, lakini mimi nimekwama kwenye mstari mmoja tu: "Kabla ya uzazi nilikuwa naswali kama anayelipa deni, na sasa kwa nifasi siswali kabisa. Tangu mama aondoke duniani, Mungu namwona yuko mbali." Nilipofika hapo niliikunja karatasi, nikatoka uani kulia.

Nianze na nifasi, hiyo damu ya baada ya kujifungua, maana hapo unajidhulumu nafsi yako bure. Aliyekuamrisha kuswali ndiye huyohuyo aliyekuamrisha uache. Ukisimama kuswali umemtii, na ukikaa bila kuswali siku hizi umemtii vilevile. Mkumbuke Bi Aisha, Allah amwie radhi. Mwaka wa 10 wa Hijra walikuwa njiani kwenda Hija na Mtume (s.a.w.), wakafika Sarif, karibu na Makka, hedhi ikamjia. Mtume alipoingia alimkuta analia. Akamwambia hilo ni jambo Mwenyezi Mungu aliloliandika kwa mabinti wa Adam, basi afanye yote anayoyafanya mwenye kuhiji, ila asitufu, yaani asiizunguke Al-Kaaba, mpaka atwahirike. Hakumwambia arudi nyumbani, wala hakumweka kando na msafara. Dua ni yako, istighfari ni yako, kumswalia Mtume ni kwako. Mlango mmoja umefungwa kwa siku zake, mingine yote iko wazi, nawe umekaa nje unalia kana kwamba umefungiwa nyumba nzima.

Sasa nikukumbushe marehemu mama yangu, maana ulimjua. Unakumbuka ulipokuwa unalala kwetu, alfajiri tunamsikia anazungumza chumbani, wewe ukadhani ana mgeni? Alikuwa keshatoa salamu, keshaleta uradi wake, sasa amekaa palepale kwenye mswala, viganja vimefunguka juu ya mapaja, anasema kwa Kiswahili: "Ya Rabbi, ahsante kwa yule samaki wa jana. Leo sina kitu cha jioni, nawe unajua. Na hili goti, Mola wangu, hili goti." Akifika kwenye goti husimama kidogo, akalisugua goti la kulia kwa mkono uliobaki na harufu ya vitunguu vya jana, kisha akaendelea na majina yetu, mmoja mmoja, na lako likiwamo.

Mimi nilikuwa nikiona haya. Nilidhani dua ni ile ya Kiarabu niliyokaririshwa chuo cha Qur'ani, na mtu asiyeijua vizuri bora anyamaze. Leo naona mama alikuwa ameielewa Qur'ani kunipita. Humo mna aya nyingi za "wanakuuliza", na jibu lake mara nyingi huja na neno "sema": wanakuuliza juu ya miezi miandamo, sema, wanakuuliza juu ya roho, sema. Lakini katika Surat al-Baqara aya ya 186, katikati ya aya za funga, Mola anapotaja waja wake wanaouliza juu yake Yeye mwenyewe, lile "sema" halipo. Anajibu mwenyewe: hakika Mimi niko karibu, naitika maombi ya mwombaji anaponiomba. Hakuweka neno la mjumbe katikati. Tangu masheikh waliponifahamisha hilo, siwezi kuipita aya hiyo haraka.

Umeniambia kichanga anakuamsha saa tisa usiku, na ndio wakati unaojisikia mpweke kuliko wote. Somo, piga hesabu nami. Hadithi iliyomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim inasema Mola wetu hushuka kila usiku, katika theluthi yake ya mwisho, akiuliza ni nani anayeniomba nimpe, ni nani anayeniomba msamaha nimsamehe. Huku kwetu Magharibi ni kama saa kumi na mbili na nusu, Alfajiri ni kama saa kumi na moja. Gawa usiku huo mara tatu, theluthi ya mwisho inaanza saa saba na nusu hivi. Saa tisa umo ndani kabisa! Watu hutega saa ili waamke wakati huo, wewe unaamshwa na mtoto. Usihangaike hata kukaa. Qur'ani imewasifu wanaomkumbuka Mwenyezi Mungu wakiwa wamesimama, wamekaa, na wamelala ubavu. Basi wewe lala kwa ubavu, mtoto yuko kwenye titi, mwambie Mola wako kama mama yangu alivyokuwa akimwambia. Mwambie nyonyo linauma. Mwambie umemkumbuka mama yako.

Na usiku ambao hutapata neno, mwambie hilo pia, kwamba moyo umekauka. Sura ya Wadhuha tuliiimba chuoni tukiyumba kwa pamoja, mimi na wewe mkeka mmoja, wala hatukujua tunasema nini. Nilikuwa mtu mzima nilipokaa na tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy iliyokuwa kabatini kwa baba, nikasoma kuwa wahyi, ule ufunuo aliokuwa akiletewa Mtume, ulikatika kwa muda, mpaka washirikina wa Makka wakasema Mola wake Muhammad amemwacha. Ndipo ikashuka: Mola wako hakukuacha wala hakukuchukia. Hata Mtume alipitiwa na kimya hicho. Mimi ukavu kama wako ulinikaa mwaka mzima, na kilichonishika ni rakaa moja ya witri, ile swala fupi ya usiku, baada ya Isha na maneno mawili matatu ya Kiswahili, hata siku nisiyohisi chochote. Wakikujia watu na orodha ndefu ya nyiradi, waitikie kwa adabu, uende na lako dogo. Mtume amesema amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ya kudumu, hata ikiwa kidogo.

Mama yako namsomea Fatiha kila Ijumaa, leo nimeshamsomea.

Shemeji yako anakuja huko Jumatatu, nimempa mfuko. Mna hiliki, pilipili manga ya uji wako, na mswala wa mama. Ukae nao tu kwa sasa, siku ukikoga josho lako la kumaliza nifasi ndio uutandike. Upande wa goti la kulia umechakaa hadi nyuzi zinaonekana, usiutie kiraka.

Wasalimie wote.

Ni mimi somo yako