Mama Courage wa kwanza hakuwa Berlin

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako nisahihishe mstari mmoja tu, ingawa najua kwa sisi walimu wastaafu mstari mmoja huzaa ukurasa.

Makala yenu ya Jumapili kuhusu Bertolt Brecht, mtunzi wa tamthilia wa Kijerumani, ilisema Mama Courage, yule mchuuzi wa tamthilia yake anayeandamana na majeshi akiwa na mkokoteni wake wa bidhaa huku vita vikimlia watoto mmoja baada ya mwingine, alionekana jukwaani kwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1949, akiigizwa na Helene Weigel, mke wa Brecht. Weigel namheshimu. Picha yake akiwa amepanua kinywa bila kutoa sauti, baada ya kusikia risasi zilizomuua mwanawe, niliibandika ukutani darasani hadi karatasi ikageuka njano. Lakini si yeye aliyetangulia. Mchezo ule ulifunguliwa katika jumba la Schauspielhaus mjini Zürich, Uswisi, tarehe 19 Aprili 1941, na mwenye mkokoteni alikuwa Therese Giehse. Brecht na Weigel siku hizo walikuwa Finland wakisubiri safari ya Marekani, na onyesho lile hawakuliona.

Kosa hili naelewa linakotoka. Sisi tuliosoma sanaa za maonyesho Dar es Salaam tulimpata Brecht kwa mlango wa Berlin Mashariki, alikokwenda Ebrahim Hussein kusomea shahada yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Humboldt. Basi kwetu kila cha Brecht huanzia Berlin.

Giehse alizaliwa Munich mwaka 1898 katika familia ya Kiyahudi. Jina la ukoo lilikuwa Gift, ambalo kwa Kijerumani ni sumu, akaona heri ajipe jingine la jukwaani. Alianzia katika majumba madogo ya mikoani, na mwaka 1926 akachukuliwa na Kammerspiele, jumba la maonyesho la mjini kwao. Hapo ndipo jina lilipokua. Hakuwa mwigizaji wa kupewa nafasi za bibi harusi. Alipewa mama wenye nyumba, wajane, wanawake wenye ulimi.

Tarehe 1 Januari 1933, yeye, mwigizaji Erika Mann na nduguye Klaus, mwandishi, walifungua Munich kikundi cha nyimbo na vichekesho vya mafumbo, wakakiita Die Pfeffermühle, yaani kinu cha kusagia pilipili. Kabla ya mwezi kwisha Hitler akawa Kansela. Pilipili ile iliwawasha waliokusudiwa, na kufikia Machi Giehse alikuwa amevuka mpaka. Kikundi kilifufuliwa Zürich mwaka huohuo, kikazunguka nchi za Ulaya na kutoa maonyesho zaidi ya 1,000, pengine huku wafuasi wa ufashisti wa hukohuko Uswisi wakifanya fujo ukumbini. Walipojaribu New York mwaka 1937, mambo hayakwenda. Mafumbo yakitafsiriwa hupoa.

Mwaka 1936 aliolewa Uingereza na mwandishi John Hampson. Ilikuwa ndoa ya pasipoti, si ya unyumba, na aliyefanya kazi ya mshenga ni mshairi W. H. Auden, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa amemuoa Erika Mann kwa sababu hiyohiyo.

Sasa turudi Zürich, 1941. Nchi jirani zinawaka moto, na ukumbi una waigizaji wengi waliokimbia Ujerumani na Austria. Giehse aliuigiza umama kwa nguvu kiasi kwamba wahakiki walitoka wakiandika juu ya mama asiyevunjika. Brecht alipopata habari hakufurahi. Alitaka mtazamaji amwone mchuuzi anayekula kwa vita na bado hajifunzi kitu. Basi akakaa akarekebisha. Chukua onyesho la tano: majeruhi wanavuja damu na hakuna kitambaa cha kuwafunga. Katika maandishi ya Zürich, Mama Courage mwenyewe anachana mashati yake ya kuuza. Katika maandishi ya baadaye anayang'ang'ania, hadi wanamnyang'anya. Yaani ule mchezo tunaousoma leo umebeba alama ya Giehse hata pale mtunzi alipokuwa akipingana na uigizaji wake.

Jambo hili nililiona kwa macho. Mwaka 1986, nikifundisha sekondari hapa Tanga, tuliigiza kipande hichohicho kwa Kiswahili tulichojitafsiria wenyewe. Mkokoteni tuliuazima kwa muuza maji, kwa masharti urudi kabla ya alfajiri. Shati lilikuwa moja tu, la mwalimu wa fizikia. Binti aliyekuwa Mama Courage, wa kidato cha tatu, alikataa kulishikilia. "Mwalimu," aliniambia, "mama gani ataacha mtu avuje damu kwa ajili ya shati?" Nikamweleza habari za Brecht na kwamba mwanamke yule ni mfanyabiashara kwanza. Akatii, akalivuta kwake kwa mikono miwili hadi likatoka kifungo. Akina mama wa benchi la mbele walilia vilevile. Kifungo nililipa mimi.

Brecht naye hakumkasirikia Giehse. Mwaka 1950 alipouongoza mchezo huo Munich, katika Kammerspiele ileile Giehse aliyoikimbia mwaka 1933, Mama Courage alikuwa Giehse huyohuyo. Friedrich Dürrenmatt, mtunzi wa tamthilia wa Uswisi, alimpa nafasi ya Claire Zachanassian mwaka 1956, yule bibi tajiri anayerudi katika mji mdogo wa kwao kununua kifo cha mwanamume aliyemtelekeza, na mchezo wake wa wanafizikia, uliofunguliwa Zürich mwaka 1962, ameutabaruku kwa jina lake. Akiwa na miaka 72 bado alikuwa jukwaani Berlin Magharibi na vijana wa mwongozaji Peter Stein.

Filamu zake si nyingi kama tamthilia zake, ila msomaji mwenye intaneti na atafute moja, Lacombe, Lucien ya Louis Malle, ya mwaka 1974. Giehse ni bibi wa Kiyahudi aliyejificha na mwanawe fundi cherehani katika mji mdogo wa Ufaransa. Karibu hasemi neno. Anakaa na karata zake. Anapokuja askari wa Kijerumani kumchukua, sikuona kwamba anaigiza. Alikuwa mtu ambaye miaka 41 nyuma aliondoka kabla hawajafika. Alifariki Munich tarehe 3 Machi 1975, akazikwa Zürich.

Kwa hiyo, Mhariri, palipoandikwa 1949 paandikwe 1941, na palipoandikwa Berlin paandikwe Zürich. Jina mnalo sasa. Lina h baada ya e ya kwanza.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Mwalimu mstaafu, Tanga