Mafuta ya Eyasi: tuanze na mkataba, asilimia baadaye

Mhariri,

Kila mafuta ya bonde la Eyasi-Wembere yanapotajwa hapa Arusha, swali ni lile lile: Serikali itapata asilimia ngapi? Yaliyotokea Baku, mji wa mafuta ulioko Azerbaijan ya leo, chini ya dola ya Tsar wa Urusi, yanaonyesha kuna maswali ya kutangulia hilo.

Hadi 1872, Serikali ile ilimkodisha mtu mmoja visima vyote vya Baku, kwa miaka minne tu. Mwenye miaka minne hachorongi, anachota. Visima vilichimbwa kwa mkono, mafuta yakavutwa kwa viriba na kusafirishwa kwa mikokoteni. Uchorongaji ulishajaribiwa Bibi-Heybat, karibu na Baku, miaka ya 1840, kina cha mita 21 hivi, kabla ya kisima maarufu cha mafuta cha Drake kule Marekani mwaka 1859. Ukaachwa. Mirzoev, mkodishaji wa mwisho, alichoronga na kupata mafuta 1871, utaratibu ule ukiwa karibu kufutwa. Mnada wa vitalu vya mafuta wa Desemba 31, 1872 uliingiza karibu rubli milioni 3, na minara ya kuchoronga ikajaa Balakhany, nje ya Baku.

Kosa la pili lilikuwa ushuru, na hili watu hulisahau. Ushuru wa mafuta ya taa wa 1872 haukukatwa kwa pipa linalotoka kiwandani. Ulikatwa kwa ukubwa wa mtambo wa kukeneka (kuchemsha mafuta ghafi na kunasa mvuke wake) na muda unaofanya kazi. Wenye viwanda wakachochea moto ili wamalize mikupuo mingi kwa siku. Mpika gongo yeyote anajua matokeo yake: joto likizidi, sehemu nzito hupanda na mvuke pamoja na nyepesi. Mafuta hayo kwenye taa hutoa moshi, utambi huganda na chemni huwa nyeusi. Tena mafuta ghafi ya Baku yalitoa mafuta ya taa kama theluthi moja tu, chini sana ya yale ya Pennsylvania, Marekani, na hicho kidogo kikaharibiwa kwa haraka ya kukwepa kodi. Ushuru ulifutwa 1877, mwanakemia Mendeleev akiwa miongoni mwa walioupinga.

Wabunge wetu watuambie basi kuhusu Eyasi: leseni ni ya miaka mingapi? Mwekezaji amefungwa kuchoronga visima vingapi, na hadi kina gani? Eneo asiloligusa litarudishwa lini? Na tozo itakatwa kwenye kipimo gani, nani akiisoma mita?

Msomaji wako,
Njiro, Arusha